Sura ya 7: Kwa Nini Tutazame Picha za Watu Tusiowajua?

Kuna swali ambalo watu wengi huuliza wakisikia habari za maonyesho ya picha: mtu anapata faida gani kulipa kiingilio ili akatazame sura za watu asiowajua? Picha ya simba ina kitu cha kutazamwa. Picha ya vita ina habari. Lakini mwanamke wa miaka 70 iliyopita, wa mji wa mbali, ameketi kwenye kiti na kutazama mbele tu, ana nini cha kutuambia? Wageni wengi huingia ukumbini, wakapita mbele ya picha 50 bila kusimama, wakatoka na neno moja: nzuri.

Swali hilo ni la haki, na kulijibu kwa kusema "hiyo ni sanaa" hakutoshi. Katika sura hii tutalijibu kwa kumfuata mpiga picha mmoja, Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, ambaye kazi zake zimetundikwa katika kumbi kubwa za Paris na New York. Wateja wake wengi hawakuwa wafalme wala waigizaji wa sinema. Walikuwa makarani, wafanyabiashara, akina mama wa nyumbani, wazazi na watoto wao, vijana waliotaka kuonekana nadhifu. Walikwenda kwake kwa miguu yao na wakalipa kwa pesa zao. Jambo hilo la kulipa nitalishikilia mpaka mwisho wa sura, kwa sababu naamini asiyelielewa hatazielewa picha zenyewe.

Kabla ya kuendelea tukubaliane juu ya istilahi moja. Nikisema "picha ya mtu" nina maana ya picha ambayo mtu mwenyewe ndiye habari yake, naye anajua kwamba anapigwa. Picha ya umati wa abiria stendi haimo. Picha ya pasipoti imo, ingawa ni serikali iliyoamua ukae vipi na usicheke.

## Fundi seremala apewa kamera

Keïta alizaliwa Bamako yapata mwaka 1921, wakati nchi ikiitwa Sudani ya Kifaransa na ikiwa koloni la Ufaransa. Shule hakusoma. Tangu utotoni alifunzwa useremala, akawa anatengeneza samani. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak, ile ya bei nafuu, akampa yeye. Kijana akaanza kuwapiga picha ndugu na majirani.

Lakini kupiga ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kusafisha, yaani kuitia filamu kwenye dawa ndani ya chumba cha giza mpaka sura itokeze, kisha kuihamishia kwenye karatasi. Elimu hiyo Keïta aliipata kwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule ambaye pia alikuwa mpiga picha, na katika duka la Mfaransa mmoja, Pierre Garnier, lililouza vifaa vya picha mjini. Miaka ikapita hivyo, mchana randa na msumeno, kamera kila ilipopatikana nafasi. Mwaka 1948 akafungua studio yake kwenye kiwanja cha familia katika mtaa wa Bamako-Koura, karibu na gereza kuu na si mbali na stesheni ya reli.

Hiyo stesheni ilimsaidia sana. Reli iliunganisha Bamako na bandari ya Dakar, na abiria walioshuka walikuwa watu wa kila namna: wafanyabiashara, askari, wanaume waliokuwa wakitafuta kazi, wanawake waliokuja kusalimia jamaa. Keïta alikuwa na vijana waliozunguka na sampuli za picha zake kuwaita wateja. Jina likaenea mpaka nje ya nchi, na siku za Jumamosi watu walipanga foleni.

## Kazi ilivyofanyika uani

Keïta alipenda kupiga picha nje, uani, kwa mwanga wa jua. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua pembezoni. Alilitumia miaka kadhaa, kisha akawa anabadilisha kitambaa kila baada ya miaka miwili au mitatu: mara maua, mara majani, mara kitambaa kisicho na nakshi. Hakuwa na mazoea ya kuandika tarehe kwenye kila filamu. Uzeeni, alipoulizwa picha fulani ni ya lini, alitazama kitambaa kilichokuwa nyuma ya mteja, na kitambaa ndicho kilichomkumbusha mwaka. Msomaji alikumbuke hilo, maana hata leo wataalamu hutumia njia hiyohiyo kuzipanga picha zake.

Kamera yake ya studio ilikuwa kubwa, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na kila picha ilihitaji kipande kizima cha filamu cha sentimita 13 kwa 18. Filamu ya namna hiyo ilikuwa ghali. Kwa hiyo mteja alipigwa mara moja, basi. Sisi tulio na simu mkononi tunapiga mara ishirini halafu tunachagua. Uani kwa Keïta uchaguzi wote ulifanyika kabla ya kamera kulia. Mkunjo wa gauni ulinyooshwa, kidevu kikageuzwa kidogo, bega moja likasogezwa mbele, vidole vikapangwa. Ukitazama picha zake kwa utulivu, anza na mikono. Sijaona mpiga picha mwingine wa studio aliyeitunza mikono ya wateja wake namna hiyo. Hakuna mkono ulioachwa ukining'inia. Mmoja umelala juu ya goti, mwingine umegusa shavu, mwingine umeshika bega la mwenzake, na vidole vyote vinaonekana.

Ukutani palikuwa na sampuli, mteja akionyesha kwa kidole mkao anaoutaka. Hapo kazi ya mashauriano ikaanza: mteja anataka hivi, fundi anashauri vile. Palikuwa pia na vitu vya kuazima. Mwanaume aliweza kuvaa suti ya Kizungu ya studio, shati, tai na kofia. Palikuwa na saa, kalamu za wino, maua ya plastiki, redio, simu, pikipiki ya Vespa, na baadaye gari la Keïta mwenyewe, Peugeot 203. Wanawake wengi walikuja wamejiandaa kutoka nyumbani, gauni pana limepigwa pasi, dhahabu imevaliwa, nywele zimesukwa, kilemba kimefungwa.

*Kwa ufupi: mwanga wa jua, kitambaa cha nyuma, filamu moja kwa picha moja, na mteja aliyeshiriki katika uamuzi. Hayo manne ndiyo yaliyozifanya picha za Keïta ziwe hivi zilivyo.*

## Kijana mwenye ua

Sasa tusimame mbele ya picha moja. Ni ya mwaka 1959, na huenda ndiyo inayojulikana kuliko zote. Kijana mwembamba anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Amevaa koti jeupe na tai, na miwani yenye fremu nzito. Kwenye mfuko wa kifuani mna kalamu. Vidole vyake virefu vimeshika ua moja tu, mbele ya kifua, kama unavyoshika kitu unachotaka kumpa mtu sasa hivi.

Mgeni mwenye haraka ataona kijana aliyevaa vizuri. Mgeni aliyetulia ataanza kuuliza. Mbona miwani na kalamu? Mwaka 1959 Mali ilibakiza mwaka mmoja tu kupata uhuru, na mtu aliyejua kusoma na kuandika alikuwa na nafasi ambayo baba yake hakuwa nayo. Kalamu kifuani ilitangaza hivyo bila maneno. Je, kalamu ilikuwa yake au ya studio? Kwangu halina uzito. Awe nayo au awe ameiazima, aliichagua iwe sehemu ya sura ambayo wengine wataitunza.

Halafu ua. Suti inasema cheo, kalamu inasema elimu, lakini ua halina cheo wala mshahara. Linamlainisha. Mwanaume huyu aliyejikamilisha kwa vitu vya ofisini akaamua aonekane pia kuwa mtu wa upole, labda mtu wa mapenzi. Ukilifunika ua kwa kidole chako, picha inabaki ya karani. Ukilifunua, unamwona yeye.

Ipo nyingine ya mwanamke aliyejilaza kwa kuegemea kiwiko. Gauni lina nakshi yake, tandiko alilolalia lina miraba yake, na kitambaa cha nyuma kina majani yake. Nakshi tatu zinagombania jicho lako, na bado uso wake ndio unaoshinda. Nyingine ni ya baba mwenye mabega mapana, amevaa vazi jeupe la kupwaya, amebeba kitoto kichanga mkononi. Ule upana wa mwili na udogo wa mtoto havihitaji maelezo. Kinachonigusa mimi ni kwamba baba alikwenda studio kupigwa akiwa amembeba mwanawe. Tumezoea kusikia kwamba wazee wetu wa kiume hawakuonyesha mapenzi kwa watoto wachanga. Huyu alilipa ili ionekane.

## Aliyelipa ndiye mwenye picha

Ili uone uzito wa jambo hili, linganisha na picha za Waafrika zilizotangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Edmond Fortier, aliyeishi Dakar, alichapisha maelfu ya kadi za posta kutoka Afrika Magharibi, ikiwemo Sudani ya Kifaransa. Nyingi zilikuwa na picha za watu, na chini yake paliandikwa kabila au "aina" ya mtu, basi. Kadi ilinunuliwa na Mzungu, ikatumwa Ulaya. Aliyepigwa hakupata nakala, na hakuulizwa anataka kuonekana vipi. Pwani yetu nayo ilipitia hayo: Zanzibar na Mombasa kadi kama hizo ziliuzwa kwa wasafiri wa meli.

Studio ilibadili mambo. Mtu akiingia na pesa yake, mpiga picha humtumikia. Mteja akichukizwa na picha, hatarudi, na atawaambia majirani. Mamlaka yamehama. Keïta alijua hivyo, na ustadi wake wote ulielekezwa kwenye lengo moja, yaani kumfanya mteja aonekane mzuri kadiri inavyowezekana. Kuna wahakiki wanaodharau lengo hilo wakidai kwamba picha ya kumpendeza mteja haiwezi kuwa ya kweli. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anavyotaka kuonekana ni ukweli juu yake, tena ukweli ambao hakuna karani wa serikali ya kikoloni aliyewahi kuuandika kwenye faili.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawana haja ya kwenda mbali kuliona hilo. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na kwa miongo mingi familia za Mji Mkongwe zilipiga picha zao pale. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio iliyopendwa na Waswahili, Wahindi na Waarabu, ambamo mwanamke aliyepita barabarani kwa buibui aliweza kulivua mbele ya kamera na kuonyesha gauni alilolishona. Miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha waliweka mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na vijana waliotoka bara kutafuta kazi walisimama mbele yake ili picha ziende kijijini. Hakuna aliyedhani kwamba kijana amepanda ndege kweli. Nyumbani walielewa ujumbe: nipo, ninaendelea, msinihofie.

## Picha ilivyokuwa na ilivyo ukutani

Hapa kuna jambo ambalo maonyesho mengi hayalielezi vya kutosha, na mgeni ana haki ya kulijua.

Picha ambayo mteja wa Keïta alikwenda nayo nyumbani ilikuwa ndogo. Negativu, yaani ile filamu iliyosafishwa ambayo juu yake weupe huonekana weusi na weusi huonekana weupe, ililazwa moja kwa moja juu ya karatasi, ikatoa picha ya ukubwa uleule wa sentimita 13 kwa 18. Iliingia kwenye bahasha, ikapelekwa kwa ndugu, au ikatiwa fremu. Rangi yake ilikuwa ya kijivukijivu laini. Baadhi ya nakala zilitiwa rangi kwa mkono na fundi wa fremu: dhahabu kwenye hereni, wekundu kwenye midomo na kucha. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio.

Picha zinazotundikwa leo kwenye kumbi kubwa mara nyingi zilisafishwa upya Ulaya kuanzia miaka ya 1990 kutoka kwenye negativu zilezile. Ni kubwa, nyingine zaidi ya mita moja, na weusi wake ni mweusi kabisa, weupe wake mweupe kabisa. Zinakuvuta ukiwa mlangoni. Keïta mwenyewe alifurahi sana alipoziona kwa mara ya kwanza, safi, bila doa, akasema ndipo alipojua jinsi kazi yake ilivyo nzuri. Hatuna haki ya kumnyang'anya furaha hiyo kwa kudai nakala kubwa ni za uongo.

Lakini si kitu kilekile. Nakala kubwa ni kazi ya msanii iliyotayarishwa kwa ajili ya ukumbi. Nakala ndogo ni mali ya mteja iliyotayarishwa kwa ajili ya nyumba. Ya kwanza hukutaka urudi nyuma hatua tano; ya pili hukutaka uinamie mpaka karibu pua iguse kioo. Nimeona kwenye nakala za zamani mikunjo ya kukunjwa, tundu la pini, alama ya kidole. Hizo si kasoro. Zinaonyesha kwamba picha ilipita mikononi mwa watu. Maonyesho yanayoweka nakala kubwa peke yake yanatuonyesha nusu tu ya Keïta, na kama ningelazimika kuchagua chumba kimoja, ningechagua cha nakala ndogo.

## "Bila jina"

Kwetu mgeni akifika nyumbani, chai ikiwa bado jikoni, hupewa albamu ashikilie. Mwenyeji hukaa pembeni na kutaja: huyu shangazi siku ya harusi yake, huyu marehemu babu, huyu mjomba alipokuwa Tanga. Makumbusho ni albamu ambayo mwenyeji wake hayupo. Picha zipo, kiti cha pembeni kitupu.

Tazama maelezo chini ya picha za Keïta. Karibu zote zimeandikwa "Bila jina", kisha mwaka wa kukisia. Sababu si fumbo. Studio ilikuwa biashara, na mteja alichukua nakala yake. Negativu zilibaki kwenye masanduku, maelfu kwa maelfu, bila daftari la majina. Mwaka 1962, baada ya uhuru, serikali ilimchukua Keïta awe mpiga picha wake, studio ikafungwa muda mfupi baadaye, na alistaafu mwaka 1977. Masanduku yalibaki nyumbani.

Kisha lilitokea jambo la kusikitisha. Mwaka 1991 maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika yalifanyika New York, yakiwa na picha kadhaa za Keïta. Chini yake paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mwenyewe alikuwa hai, Bamako, na watu wa mtaani wakimjua vizuri. Mfaransa André Magnin, aliyekuwa akimkusanyia sanaa tajiri Jean Pigozzi, alifunga safari kwenda Mali kumtafuta, akampata. Mwaka 1994 taasisi ya Cartier mjini Paris ilimfanyia maonyesho yake peke yake. Alifariki Paris mwaka 2001. Mwaka 2016 jumba la Grand Palais, Paris, lilimpa maonyesho makubwa, na mwaka 2025 Brooklyn Museum ya New York ikafungua mengine ambayo pamoja na picha yaliweka nguo na vito, ili mgeni aone vitambaa vyenyewe.

Jina la mpiga picha limerudi. Ya wateja bado.

Mlinganishe Keïta na mpiga picha Mmarekani Richard Avedon. Kati ya mwaka 1979 na 1984, kwa kazi aliyopewa na makumbusho ya Amon Carter ya Fort Worth, Texas, alizunguka majimbo ya magharibi ya Marekani akiwapiga picha watu wa kawaida, zaidi ya 700, mbele ya karatasi nyeupe: wachimba madini, madereva wa malori, wahudumu wa hoteli, watu wasio na makazi. Kila picha ina jina, kazi, mji na tarehe. Ronald Fischer, mfuga nyuki, Davis, California, 9 Mei 1981: kifua wazi, nyuki wamemtapakaa mwilini, uso mtulivu. Unajua ni nani. Lakini ni Avedon aliyemchagua, akamweka kwenye weupe ule, na ni yeye aliyeamua kipi kiingie kwenye kitabu na ukutani. Baadhi ya Wamarekani wa magharibi walilalamika kwamba amewaonyesha wakiwa na huzuni na uchovu kuliko walivyo.

Kwa hiyo tuna watu wenye majina ambao hawakuamua waonekane vipi, na tuna watu walioamua waonekane vipi lakini hawana majina. Ningependa siku moja nione maonyesho yenye vyote viwili. Kwa Keïta bado linawezekana kwa sehemu. Wateja wake wa miaka ya 1950 wana watoto na wajukuu Bamako, na nyumba nyingi bado zina nakala. Makumbusho yanayouza vitabu na kadi zenye sura hizo yana wajibu wa kutenga fedha za kwenda kubisha hodi na kuuliza. Nasema wajibu, kwa sababu picha zile zilikuwa mali ya familia kabla hazijawa mali ya wakusanyaji, na waliopigwa hawakulipia zitundikwe mbele ya maelfu ya wageni.

*Kwa ufupi: nakala ukutani mara nyingi si nakala aliyopewa mteja, na jina lisiloandikwa halina maana kwamba mtu hakuwa na jina. Uliza kuhusu yote mawili.*

## Ukiwa ukumbini

Huna haja ya kusoma historia ya sanaa ili kufaidi maonyesho ya namna hii. Fanya hivi:

- Zunguka ukumbi wote mara moja bila kusoma chochote. Kisha rudi kwenye picha tatu au nne zilizokushika. Zaidi ya hapo macho huchoka.
- Anza na mikono, halafu nguo, halafu vitu alivyoshika. Uso uwe wa mwisho. Uso hutuvuta upesi mno na kutufanya tudhani tumekwisha kuona.
- Jiulize: nani aliamua? Mkao ni wa mteja au wa mpiga picha? Nguo? Mahali? Nani alilipa? Nani alibaki na picha?
- Tazama kitambaa cha nyuma kwa makini kama unavyotazama mtu. Kwa Keïta hicho ni kalenda.
- Soma kwenye maelezo ya picha mwaka wa kupigwa na mwaka wa kusafishwa. Ikiwa ni miaka tofauti, unatazama nakala mpya.

Na kama umekwenda na mzee, mwache aongoze. Wazee waliokulia enzi za studio wanajua kusoma picha hizi kuliko sisi. Watakuambia saa ile ilivaliwa makusudi juu ya mkono wa shati, na kitambaa kile kilikuwa cha bei, na wale wawili ni marafiki walioshona sare kwa ajili ya sikukuu, si ndugu.

Sasa narudi kwenye swali la mwanzo. Tunatazama picha za watu tusiowajua kwa sababu humo ndimo mtu wa kawaida, ambaye magazeti ya wakati wake hayakumwandika na serikali haikumsikiliza, alipata nafasi ya kusema mwenyewe yeye ni nani, na akalipia nafasi hiyo. Kwa Afrika ya miaka ya 1950 sijui ushahidi mwingine wa wingi na uzuri wa namna hiyo.

Tena si lazima uanzie Paris wala New York. Albamu ya kwenu ina picha za studio za wakati huohuo, na nyingine zinaelekea kuwa "Bila jina". Zitoe wiki hii, ukae na mama, bibi, ami au yeyote aliye mkubwa kuliko wote, umuulize moja baada ya nyingine. Andika nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya upande wa pili: jina kamili, mji, studio, mwaka, na ikiwa anakumbuka, nguo ilikuwa ya nani. Anza na zile ambazo amebaki mtu mmoja tu wa kukutajia waliomo.